Daftari la Mizani

Mimi karani wa mizani, ghala la chama, Mnyambe.
Kazi yangu kusoma mshale, si uso wa mwenye gunia.
Korosho hainiambii imetoka shamba la nani,
inaniambia kilo, na unyevu,
na mawe aliyoyaficha mtu katikati.

Basi Mheshimiwa Nampembe alipopanda jukwaa akasema,
kwa kile kithembe chake tunachokipenda,
"Bungeni nitawathemea,"
niligeuza daftari upande wa nyuma
nikapiga mistari kwa rula:
tarehe, jambo, alichosema, makato.

Mwaka wa kwanza, muswada wa tozo.
Redio nimeibana kwapani, gunia liko juu ya mizani.
Wanaoafiki waseme ndiyo: ikaunguruma.
Wasioafiki waseme siyo: ikaunguruma kidogo.
"Nadhani walioafiki wameshinda."

Nadhani!
Nikimwandikia mzee Chituta "nadhani kilo sabini"
nitalala kituoni.

Nilisogeza sikio hadi waya wa spika ukanichoma.
Sauti zote zimeshonewa gunia moja,
ya kwetu nitaichambuaje?
Ndiyo haina herufi ya kumtaja.
Ila siyo, akiisema Nampembe, itatoka *thiyo*,
nami nitaijua hata katikati ya mvua ya bati.
Nimeisubiri *thiyo* miaka mitano.

Juni, bajeti, kura ya jina kwa jina.
Alfajiri hiyo tunapuliza salfa, ukungu na unga haviachani,
mwanangu Fadina amezima bomba ili nisikie.
Katibu akaita: Hamadi Nampembe.
Kimya.
Akaita tena.
"Hayupo."
Fadina akawasha bomba.

Maswali aliyouliza: mawili.
La mnara wa simu, na la maji.
La maji likajibiwa kadiri ya upatikanaji wa fedha,
akasimama kushukuru kwa majibu mazuri.
Nikaandika: ndoo, shilingi mia saba.

Muswada wake mwenyewe, wa kwetu, wa jina lake:
nilitaka kuweka sifuri,
nikakumbuka sifuri ikipata moja ubavuni huitwa kumi.
Nikaacha peupe.

Sasa kampeni imerudi, na malori mawili.
Malori hayo nayajua kwa mlio.
Ndiyo yanayokuja usiku, miezi ya njaa,
kununua kangomba kibaba kwa kibaba,
korosho ingali ua mtini.
Leo yamevikwa bendera, yamebeba spika na masufuria.
Nani kalipa mafuta? Nilikwenda wilayani kuuliza fomu ya gharama.
Kijana akasema, mama, fomu ipo,
ila kabati limefungwa, mwenye ufunguo yuko semina.
Nikaandika: kabati.

Na kwa kuwa mizani haina shangazi
nimejiandika na mimi.
Somoe Mchopa. Kanga doti moja.
Pilau, vipande viwili vya nyama, kimoja mfupa.
Kura: moja.
Kanga yenyewe nafunikia mizani, vumbi lisiingie,
uso wake nimeulaza chini.

Jana akapita ghalani, mwenye malori nyuma yake.
"Thomoe! Mthimu unathemaje?"
Nikamwonyesha daftari. Akalishika kwa mbali,
kama mtu anayeombwa kusoma bila miwani.
Nikamwambia, Mheshimiwa, nina ombi moja, halina gharama.
Niseme neno, ulirudie.
Siyo.

Akacheka. Wote wakacheka, na mimi kidogo.
Akanigonga bega:
"Ndiyo, ndiyo, Thomoe. Ndiyo."

Wakaondoka.
Nikaandika tarehe.
Mzee Chituta alikuwa bado kasimama na gunia lake begani,
akaniuliza kama mizani iko wazi.